Mwanafunzi wa Sheria na Kazi ya Utafiti: Nafasi Zilipo na Mitego ya Kuepuka

Vyuo vikuu vinapofunga kwa likizo ndefu, wanafunzi wa sheria wanaotoka katika kaunti hii hurejea nyumbani wakiwa na swali moja: miezi hii itumike vipi? Baadhi yao husaidia shambani au dukani, na hiyo si kazi ya kudharauliwa. Wengine huzunguka na barua za maombi kutoka afisi moja hadi nyingine bila kujua hasa wanachoomba. Wapo pia wanaoangukia mikononi mwa matapeli, au katika kazi za mtandaoni zinazoweza kuwaharibia jina kabla hawajaanza kulijenga.

Ipo njia nyingine isiyozungumziwa sana, nayo ni kazi ya muda ya utafiti wa sheria. Mwanafunzi anaweza kuifanya kwa saa chache kila wiki huku akiendelea na masomo. Somo hili linaeleza kazi hiyo ni ipi, hufanywa vipi, hupatikana wapi na ni mambo gani ya kuepuka. Limeandikiwa mwanafunzi, lakini pia mzazi anayelipa karo, na mkazi ambaye siku moja atahitaji mtu wa kumweleza sheria inasema nini.

Safari ndefu ya kuwa wakili

Shahada ya kwanza ya sheria huchukua miaka minne. Baada yake, anayetaka kuwa wakili hujiunga na Kenya School of Law, hufanya mitihani inayosimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria, na hukaa miezi sita akijifunza kazi chini ya wakili mwenye uzoefu. Ndipo anapoweza kumwomba Jaji Mkuu amwapishe.

Katika safari hiyo yote, mwanafunzi si wakili. Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, inamkataza mtu asiyehitimu kufanya kazi ya wakili, kujiita wakili, au kuandaa kwa malipo baadhi ya hati, kwa mfano hati za kuhamisha umiliki wa ardhi. Hata hivyo, haimkatazi kutafuta sheria, kusoma hukumu na kupanga matokeo kwa ajili ya mtu mwenye mamlaka ya kuyatumia, awe wakili, mhadhiri, jaji, bunge au shirika. Hiyo ndiyo kazi ya msaidizi wa utafiti.

Mahitaji ya kazi hiyo yameongezeka tangu Katiba ya 2010. Zamani sheria zilitungwa na Bunge la Nairobi pekee. Leo mabunge ya kaunti 47 nayo hutunga sheria kuhusu masoko, leseni, vileo, maji, chekechea na mengineyo. Sheria ya Fedha ya kaunti hubadilisha ada na tozo mara kwa mara. Ni lazima pawe na watu wa kufuatilia mabadiliko hayo na kuyaeleza kwa usahihi.

Mfano: ada ya kibanda sokoni

Chukulia kuwa mama mwenye kibanda sokoni ameambiwa ada yake ya siku imepanda kutoka shilingi 30 hadi 50. Anakwenda kwa wakili kuuliza kama nyongeza hiyo ni halali. Wakili anampa msaidizi wake, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, kazi ya kutafuta jibu. Kazi hiyo ina hatua sita.

1. Kuligawa swali. "Je, ni halali?" ni swali pana mno. Ndani yake mna maswali madogo: Ipo sheria inayoruhusu ada hiyo? Imeanza kutumika? Ilipitishwa kwa njia inayotakiwa? Kiasi anachodai mkusanyaji ndicho kilichoandikwa?

2. Kuanza na Katiba. Kifungu cha 209 kinaziruhusu kaunti kutoza malipo kwa huduma zinazotoa. Kifungu cha 210 kinasema ushuru au ada ya leseni haiwezi kutozwa, kusamehewa wala kubadilishwa ila kwa mujibu wa sheria. Hapo mtafiti mwangalifu husimama kidogo na kujiuliza: ada ya kibanda ni ushuru, ni leseni au ni malipo ya huduma? Jibu ndilo linaloamua kifungu kipi kitumike.

3. Kutafuta sheria ya kaunti yenyewe. Viwango vya ada kwa kawaida huwa katika jedwali la Sheria ya Fedha ya kaunti ya mwaka husika. Mswada hautoshi, kwa sababu bunge la kaunti linaweza kuurekebisha kabla ya kuupitisha. Kifungu cha 199 cha Katiba kinasema sheria ya kaunti haianzi kutumika mpaka ichapishwe katika Gazeti Rasmi. Kwa hiyo mwanafunzi anatafuta pia tarehe ya kuchapishwa.

4. Kusoma hukumu. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika kutunga sheria. Mahakama Kuu ilieleza uzito wa jambo hilo mwaka 2014 katika kesi ya Robert Gakuru dhidi ya Gavana wa Kiambu. Jaji George Odunga alibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Alieleza kuwa kaunti inapaswa kutumia njia nyingi kuwafikia watu, zikiwemo makanisa, misikiti, mabaraza ya umma na redio, zikiwemo zinazotangaza kwa lugha za mama.

5. Kufuatilia rufaa. Hukumu ya Mahakama Kuu inaweza kutenguliwa. Katika kesi hiyo ya Kiambu, Mahakama ya Rufaa ilikataa rufaa ya kaunti mwaka 2017. Bila hatua hii, mwanafunzi hawezi kusema kwa uhakika kuwa hukumu ya 2014 bado ina nguvu.

6. Kuandika. Wakili hahitaji kurasa ishirini. Anahitaji ukurasa mmoja au miwili yenye swali, jibu fupi, sheria inayohusika, sababu, na mambo ambayo bado hayajathibitishwa. Mstari huo wa mwisho ndio wanafunzi wengi huuacha kwa kuogopa kuonekana hawajui. Wakili mzuri huusoma kwanza.

Jibu linaweza kuwa kwamba ada ni halali na mama huyo anapaswa kuilipa. Linaweza pia kuwa kwamba mkusanyaji anadai zaidi ya kilichoandikwa. Kwa vyovyote vile, mama amepata jibu la kweli. Kaunti nayo hunufaika, maana mkazi anayeifahamu sheria hulipa anachopaswa kulipa na hukataa asichodaiwa.

Hatari ya kuishia njiani

Umuhimu wa hatua ya tano ulionekana wazi kitaifa mwaka 2024. Julai 31, Mahakama ya Rufaa ilitangaza kuwa Sheria ya Fedha ya 2023 yote ilikuwa kinyume cha Katiba. Agosti 20, Mahakama ya Juu ilisimamisha utekelezaji wa uamuzi huo. Oktoba 29, Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi wa kuiharamisha sheria hiyo nzima.

Mwanafunzi aliyeishia kwenye habari za Julai angemwambia mfanyabiashara aache kulipa ushuru. Mfanyabiashara huyo angejikuta na deni, na wakili aliyemwamini mwanafunzi angejikuta na aibu. Ndiyo maana kila jibu la utafiti linapaswa kuwa na tarehe: sheria ilikuwa hivi kufikia siku fulani.

Tahadhari hiyo inahusu pia programu za akili mnemba. Zinaweza kusaidia kupanga mawazo, lakini wakati mwingine hubuni kesi ambazo hazipo. Juni 2023, mahakama moja ya New York, Marekani, iliwatoza mawakili wawili pamoja na kampuni yao faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu zilizobuniwa na programu ya ChatGPT. Kesi ambayo mwanafunzi hajaifungua na kuisoma mwenyewe haipaswi kuingia katika kazi yake.

Nafasi hupatikana wapi?

Kabla ya kutafuta kazi, mwanafunzi anapaswa kuijua hazina iliyo wazi kwa kila Mkenya. Baraza la Kitaifa la Uchapishaji wa Sheria, linalojulikana kama Kenya Law, huchapisha bila malipo kwenye mtandao sheria za nchi, hukumu za mahakama, Gazeti Rasmi na sheria za kaunti. Mwenye simu au anayeweza kuingia saiba ana maktaba ya kuanzia. Asipokiona anachotafuta, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa raia haki ya kuomba habari kwa afisi ya umma, nayo inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 21.

Baada ya hapo, milango ya kubisha ni hii:

Wahadhiri. Mhadhiri anayeandika kitabu au makala huhitaji mtu wa kukusanya hukumu, kuhakiki tanbihi na kupanga marejeleo. Nafasi hizi mara nyingi hazitangazwi. Hupewa mwanafunzi ambaye kazi zake za darasani zinaonyesha uangalifu.

Kampuni za mawakili. Wakili wa mjini mwenye kesi nyingi na wasaidizi wachache anaweza kumlipa mwanafunzi kwa kila kazi, hasa ya kutafuta hukumu na kupanga mafaili.

Serikali na bunge la kaunti. Sheria ya Afisi ya Mwanasheria wa Kaunti ya 2020 iliweka msingi wa afisi inayoishauri serikali ya kaunti kisheria. Bunge la kaunti nalo huhitaji utafiti wa miswada. Nafasi za mafunzo ya nyanjani, ambayo wengi huyaita atachimenti, huombwa kwa barua yenye utambulisho wa chuo.

Mahakama. Majaji husaidiwa na watafiti wa sheria walioajiriwa na Idara ya Mahakama. Mwanafunzi anaweza kuomba mafunzo ya nyanjani huko. Hata asipoyapata, vikao vingi vya mahakama viko wazi kwa umma, na siku moja ya kusikiliza kesi ina faida kwa mwanafunzi.

Mashirika ya haki. Kituo Cha Sheria, kilichoanzishwa mwaka 1973, na FIDA Kenya, lililoanzishwa mwaka 1985, ni kati ya mashirika yanayosaidia watu wasio na uwezo na kufanya utafiti. Mashirika ya aina hii huhitaji watu wa kuhoji wananchi na kutafsiri mahojiano. Hapa mwanafunzi anayezungumza vizuri lugha ya mama ana mtaji ambao hakulipia karo.

Nafasi za kitaaluma

Si kila nafasi huleta pesa moja kwa moja. Kliniki za sheria za vyuo vikuu humpa mwanafunzi watu halisi wenye shida halisi, chini ya usimamizi. Majarida ya wanafunzi, kama vile Strathmore Law Review, humfundisha kuandika na kukubali kusahihishwa. Mashindano ya mahakama ya mfano humfunza kutetea hoja mbele ya majaji. Mojawapo ni mashindano ya Christof Heyns ya haki za binadamu barani Afrika, yanayoandaliwa na Kituo cha Haki za Binadamu cha Chuo Kikuu cha Pretoria, ambayo yalianza mwaka 1992.

Anayetarajia kuomba ufadhili wa shahada ya uzamili anapaswa kukumbuka kuwa ataulizwa amefanya nini nje ya darasa na ni nani anayeweza kumshuhudia. Mhadhiri aliyefanya kazi naye kwa miezi sita huandika barua yenye uzito kuliko yule anayemjua kwa namba ya usajili tu.

Jinsi ya kuomba

Barua nzuri haizidi ukurasa mmoja. Inataja kazi mahususi anayoweza kufanya mwombaji, saa alizo nazo kwa wiki na kipindi atakachopatikana. Inaambatana na wasifukazi, nakala ya matokeo, na sampuli ya maandishi yake ya kurasa tatu hadi tano. Sampuli ndiyo husomwa kwa makini zaidi. Makosa ya tarehe au majina ya kesi ndani yake humwondoa mwombaji hata kama alama zake ni za juu.

Mwanafunzi aseme kweli kuhusu muda. Anayeahidi saa ishirini kwa wiki wakati wa mitihani atashindwa pande zote mbili. Mwenye kuahidi saa sita na kuzitimiza huitwa tena.

Kabla ya kuanza, mambo manne yakubaliwe kwa maandishi: kazi ni ipi, itakamilika lini, malipo ni kiasi gani na yatatolewa lini, na kama jina la msaidizi litatajwa katika chapisho. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa ajira wa miezi mitatu au zaidi uandikwe. Hata kazi ya wiki moja ni bora iwe na ujumbe wa maandishi unaoweza kuonyeshwa baadaye.

Mitego minne

Mtego wa kwanza ni ada ya kujisajili. Mwajiri wa kweli hamtozi mwombaji pesa ili amfikirie. Anayetaka kutumiwa pesa kwa simu ili "kuhifadhi nafasi", hata akijiita afisa wa kaunti, ni wa kuripotiwa kwa polisi.

Mtego wa pili ni kuwaandikia wengine kazi zao za chuo. Kazi hii ya mtandaoni imewavutia vijana wengi nchini kwa sababu hulipa haraka. Lakini si utafiti, ni udanganyifu. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2022 inayofanya biashara ya kuuza insha kwa wanafunzi kuwa kosa la jinai nchini England. Kwa mwanafunzi wa sheria hasara ni kubwa zaidi, kwa kuwa taaluma anayoielekea hupima uadilifu wa mtu kabla ya kumpokea. Tena, kazi hiyo haiwezi kuandikwa kwenye wasifukazi, wala mwajiri wake hawezi kumwandikia barua ya kumpendekeza.

Mtego wa tatu ni kujifanya wakili. Majirani wakisikia kijana anasomea sheria, huanza kumletea kesi za mashamba na talaka. Kuwasikiliza na kuwaelekeza panapofaa ni wema. Kuwatoza pesa ili awaandikie hati ni hatari kwake na kwao. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuelekezwa kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016.

Mtego wa nne ni kutoa siri. Msaidizi huona majina, magonjwa na ugomvi wa watu. Hayo si ya kusimuliwa hotelini wala kuwekwa kwenye mitandao ya kijamii. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inalinda habari za kibinafsi, na mteja anayesikia siri yake mtaani hatarudi tena kwa wakili huyo.

Haki za mkazi anayehojiwa

Wakazi nao wana nafasi yao katika kazi hii. Mtafiti anapobisha hodi nyumbani na karatasi ya maswali, mkazi ana haki ya kuuliza ametumwa na nani, utafiti unahusu nini na majibu yatatumiwa vipi. Anaweza pia kuomba kuona kibali cha utafiti kutoka NACOSTI, tume ya kitaifa inayotoa vibali vya utafiti, pamoja na barua ya utambulisho. Kushiriki ni kwa hiari. Mkazi anaweza kukataa swali moja au mahojiano yote, na hakuna huduma ya serikali anayopaswa kunyimwa kwa sababu hiyo. Mwanafunzi aliyefunzwa vyema hueleza haya mwenyewe kabla ya kuulizwa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini Mswada wa Fedha hautoshi kuthibitisha kiwango cha ada ya soko?
2. Mwanafunzi amepata hukumu ya Mahakama Kuu inayounga mkono jibu lake. Ni hatua gani bado hajaifanya?
3. Jirani anataka kumlipa mwanafunzi shilingi 2,000 amwandikie hati ya kuhamisha shamba. Mwanafunzi amjibu nini?
4. Ni mambo gani manne yanayopaswa kuandikwa kabla ya kazi ya utafiti kuanza?

Hakuna haja ya kungoja tangazo ili kuanza. Mwanafunzi aliye nyumbani wiki hii anaweza kuchagua sheria moja ya kaunti inayomgusa mtu anayemfahamu, iwe ya soko, bodaboda au leseni ya duka. Aisome yote, aangalie kama imechapishwa katika Gazeti Rasmi, atafute hukumu zinazoihusu na kufuatilia rufaa, kisha aandike ukurasa mmoja kwa lugha ambayo mwenye kibanda ataielewa. Ukurasa huo utakuwa sampuli yake ya kwanza, na huenda mwenye kibanda akawa mtu wa kwanza kunufaika nao.